Chanjo ya HPV: Kwa Nini Mvulana Naye Anahusika

Mzazi mwenye mapacha wa miaka 11, msichana na mvulana, akiwapeleka katika zahanati iliyo karibu na Kiminini, au akishuka barabara ya Webuye hadi kituo cha afya upande wa Bungoma, atapata majibu mawili tofauti. Msichana atachanjwa dhidi ya virusi vya HPV bila kulipa chochote. Mvulana atarudi nyumbani bila chanjo hiyo, kwa sababu mpango wa taifa unawalenga wasichana wa miaka 10 hadi 14.

Wazazi wengi huuliza: ikiwa virusi hivi vinawapata wanaume na wanawake, mbona anachanjwa mmoja? Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba kama chanjo ingekuwa njema kweli, wavulana nao wangepewa. Kwa sababu ya shaka hiyo, wapo wasichana wanaozuiliwa nyumbani siku ya chanjo.

Makala haya yanaeleza HPV ni nini, inamdhuru nani, kwa nini wasichana walitangulizwa, na mzazi wa mvulana katika Kitale, Bungoma na vijiji vilivyo kati yake anaweza kufanya nini kwa sasa.

HPV ni nini

HPV ni kundi la virusi zaidi ya 200 vinavyoshambulia ngozi na utando laini wa mwili. Vingi havina madhara makubwa. Baadhi huleta chunjua za kawaida za mikononi na miguuni, na vingine huleta chunjua za sehemu za siri. Kundi dogo, hasa aina ya 16 na ya 18, linaweza kusababisha saratani. Aina hizo mbili pekee ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi.

Virusi vya HPV vya sehemu za siri huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari na ni muhimu kwa kinga dhidi ya magonjwa mengine, lakini haifuniki ngozi yote, kwa hivyo haizuii HPV kikamilifu. Watu wengi wanaofanya ngono huambukizwa angalau mara moja maishani, wengi wao bila kujua, kwa kuwa hakuna maumivu wala dalili.

Mara nyingi mwili hujitibu wenyewe. Karibu maambukizi tisa kati ya kumi hutoweka ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa yule ambaye virusi vinabaki mwilini. Ndani ya miaka 15 hadi 20, seli za mlango wa kizazi hubadilika polepole hadi kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na HIV bila kutumia dawa, safari hiyo inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Kwa jumla, mwanamke anayeishi na HIV ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii.

Ndiyo maana ugonjwa unaoonekana mwanamke akiwa na miaka 40 au 45 huwa ulianza akiwa kijana. Ndiyo maana pia chanjo hutolewa mapema, kabla virusi havijaingia.

Mzigo ulivyogawanyika

Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wanawake 5,236 nchini Kenya waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi mwaka huo, na 3,211 walifariki kutokana nayo. Hao ni karibu wanawake tisa kila siku. Wengi ni mama walio katikati ya maisha: wana watoto shuleni, shamba la kupalilia, na wazazi wazee wanaowategemea.

Familia iliyopitia ugonjwa huu inajua gharama yake. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, damu ikiwa imetoka kwa miezi kadhaa. Matibabu ya mionzi humlazimu mgonjwa wa huku kusafiri mara kwa mara, mara nyingi hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, huku nyumbani ng'ombe akiuzwa na mtoto mkubwa akiacha masomo ili awalee wadogo zake.

Wanaume nao hawajasalimika. HPV husababisha takriban saratani tisa kati ya kumi za njia ya haja kubwa, sehemu kubwa ya saratani za uume, na baadhi ya saratani za koo, nyuma ya ulimi na kwenye tonsili. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 HPV ilisababisha visa 620,000 vya saratani kwa wanawake duniani na visa 70,000 kwa wanaume. Kwa kila wanawake tisa wanaougua, karibu mwanamume mmoja anaugua.

Hata hivyo, kwa upande wa kubeba na kusambaza virusi, wanaume wanahusika sana. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa karibu mwanamume mmoja kati ya watatu wenye zaidi ya miaka 15 ana angalau aina moja ya HPV sehemu za siri, na mmoja kati ya watano ana aina inayoweza kuleta saratani.

Kuna tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mwanamke ana ngao mbili: chanjo akiwa mtoto, na uchunguzi wa mlango wa kizazi akiwa mtu mzima. Mwanamume hana kipimo cha kawaida cha kuchunguza HPV kabla ya dalili. Kwake yeye, chanjo ndiyo kinga kubwa ya mapema iliyopo.

Kwa nini wasichana walitangulizwa

Kenya ilianza na majaribio katika Kaunti ya Kitui mwaka 2013. Chanjo ilizinduliwa kitaifa mjini Mombasa tarehe 18 Oktoba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta, ikilenga wasichana wa miaka 10. Wakati huo Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2011, Uganda 2015 na Tanzania 2018. Nchi zote hizo zilianza na wasichana.

Sababu ya kwanza ni mzigo wenyewe wa ugonjwa, kama takwimu zilivyoonyesha. Dozi zikiwa chache, zinaokoa maisha mengi zaidi zikipewa msichana.

Sababu ya pili ni upungufu wa chanjo. Kwa miaka kadhaa viwanda havikuweza kutosheleza mahitaji ya dunia. Mnamo Oktoba 2019, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliziomba nchi zisubiri kwanza kuwachanja wavulana, ili wasichana wa nchi zenye visa vingi wasikose. Upungufu huo umepungua sana tangu wakati huo.

Sababu ya tatu ni fedha. Gavi, shirika linalozisaidia nchi nyingi za Afrika kupata chanjo, lilielekeza msaada wake wa HPV kwa wasichana.

Kwa hivyo mvulana hakuachwa kwa sababu chanjo haimfai au ina hatari kwake. Chanjo hii imeidhinishwa kwa wavulana kuanzia miaka 9. Marekani ilianza kuipendekeza kwa wavulana wote mwaka 2011. Australia iliwaingiza katika mpango wake wa shule mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2019. Hapa Afrika, Kameruni ilianza kuwachanja wavulana pamoja na wasichana mwaka 2023.

Mvulana anapata nini dada yake akichanjwa

Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wanakumbuka mwaka 2017, viwavijeshi vilipovamia mahindi kwa mara ya kwanza. Aliyenyunyizia dawa shamba lake huku jirani akikaa tu, alivikuta tena baada ya siku chache. Majirani wote waliponyunyizia pamoja, hata kona iliyosahaulika ilipata nafuu, kwa kuwa wadudu walikosa pa kuzaliana.

Chanjo hufanya kazi kwa njia hiyo pia. Wasichana wengi wakichanjwa, virusi vinakosa njia ya kupita, na wavulana ambao hawakuchanjwa wanapata kinga bila sindano. Wataalamu huiita kinga ya jamii.

Australia ni mfano mzuri. Ilianza kuwachanja wasichana peke yao mwaka 2007. Kufikia 2011, chunjua za sehemu za siri zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika kliniki. Kwa wanaume wa umri huo wanaoshiriki ngono na wanawake, zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 80. Vijana hao wa kiume hawakuwa wamechanjwa. Walilindwa na dada zao.

Lakini kinga hii ya kuazima ina masharti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wavulana hunufaika hivi pale ambapo zaidi ya asilimia 80 ya wasichana wamechanjwa. Pale ambapo wasichana wengi wamekosa, virusi vinaendelea kupita, na wavulana na wasichana wote wanabaki wazi. Tena kinga hiyo haisafiri na mtu. Kijana aliyelelewa katika kijiji ambako wasichana wote walichanjwa, kisha akaenda kufanya kazi ya lori katika barabara kuu ya Malaba au akahamia mji mwingine, haendi na kinga ya kijijini kwao.

Hapo ndipo chanjo ya wavulana inapoleta tofauti. Utafiti mkubwa uliofanywa Ufini katika jumuiya 33 ulilinganisha sehemu ambako wasichana peke yao walichanjwa na sehemu ambako wavulana pia walichanjwa. Idadi ya waliochanjwa ilipokuwa ya wastani tu, kuwajumuisha wavulana kuliwakinga zaidi hata wasichana ambao hawakuwa wamepata sindano. Kwa maneno mengine, kumchanja mvulana ni kumkinga yeye, na pia msichana wa jirani ambaye siku ya chanjo hakuwepo.

Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Kila msichana anayechanjwa leo ni faida kwa mvulana. Na siku wavulana watakapoingizwa katika mpango, itakuwa faida kwa msichana.

Je, tohara haitoshi?

Katika eneo hili swali hili haliepukiki. Kwa jamii ya Wabukusu, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara, na wavulana wengi huvuka kuingia utu uzima wakiwa na umri ule ule ambao chanjo ya HPV ingewafaa. Wapo wazazi wanaoamini kuwa mvulana aliyetahiriwa amekingwa na kila ugonjwa wa zinaa.

Kuna ukweli ndani ya imani hiyo, ila una mipaka. Utafiti uliofanyika Rakai, nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa tohara ilipunguza kwa takriban asilimia 35 idadi ya wanaume waliokuwa na aina hatari za HPV. Utafiti mwingine wa huko huko uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hata wenzi wao wa kike waliambukizwa kidogo zaidi, kwa takriban asilimia 28.

Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kupunguza kwa theluthi moja ni kuacha theluthi mbili. Kijana aliyetahiriwa bado anaweza kuambukizwa na bado anaweza kuambukiza. Tohara na chanjo zinasaidiana. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Msimu wa tohara una faida nyingine. Ni wakati ambapo baba, wajomba na wazee huketi na wavulana na kuwafunza juu ya mwili, heshima na wajibu. Ni mahali panapofaa kumweleza kijana kwamba afya ya mke atakayemwoa inaanza na anavyojitunza yeye, na kwamba dada yake akipelekwa kuchanjwa, asimcheke.

Dozi moja badala ya mbili

Mpango ulipoanza mwaka 2019, msichana alihitaji dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Walioanza Oktoba 2019 walipaswa kurudi kuanzia Aprili 2020, lakini shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya Korona. Wasichana wengi hawakurudi tena, na hata miaka iliyofuata dozi ya pili iliendelea kuwa kikwazo.

Jibu la tatizo hilo limetokana kwa sehemu kubwa na Kenya yenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao wa Marekani, waliwafuatilia wanawake 2,275 wenye miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika kipindi cha miezi 18. Utafiti wa Mwanza, Tanzania, uliohusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, nao ulionyesha kuwa dozi moja huamsha kinga ya kutosha.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana na wavulana wa miaka 9 hadi 20. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024, na Kenya mwaka 2025.

Kwa mzazi, maana yake ni safari moja badala ya mbili. Kwa nchi, dozi zilizokuwa za msichana mmoja sasa zinatosha watoto wawili. Uamuzi wa kuwaingiza wavulana katika mpango wa bure uko mikononi mwa Wizara ya Afya, na kwa sasa haujatangulia hitaji la kwanza, ambalo ni kuhakikisha hakuna msichana anayeachwa.

Watoto wanaoishi na HIV au wenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine hawamo katika utaratibu wa dozi moja. Wanahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Mzazi au mlezi amweleze muuguzi jambo hili kwa faragha.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, chanjo hii huleta utasa?*

Hapana. Uvumi huu si mgeni. Mwaka 2014 madai kama hayo yalitolewa nchini kuhusu chanjo ya pepopunda. Kamati ya kimataifa inayofuatilia usalama wa chanjo ilipitia taarifa za HPV mwaka 2017, wakati zaidi ya dozi milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na haikupata ushahidi kwamba chanjo husababisha utasa. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe. Matibabu yake mara nyingi huhitaji kuondoa kizazi au kuchoma eneo hilo kwa mionzi.

*Je, chanjo inaweza kumpa mtoto HPV au saratani?*

Haiwezi. Ndani yake hakuna kirusi kilicho hai wala kilichouawa. Kuna maganda tu yaliyotengenezwa kufanana na sura ya nje ya kirusi, bila chembe za kuzaliana. Mwili unajifunza kulitambua ganda hilo, na kirusi chenyewe kikija kinakuta ulinzi uko tayari.

*Je, haitamhimiza mtoto kuanza ngono?*

Mtoto wa miaka 10 huchanjwa kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla ya kukutana na virusi, na kwa sababu mwili wa umri huo hujenga kinga imara kuliko wa mtu mzima. Mtoto mchanga hupewa chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo pia huambukizwa kwa ngono, na hakuna anayeona kuwa ni ruhusa ya jambo lolote. Malezi yanabaki kazi ya mzazi, kanisa, msikiti na shule.

*Je, kuna madhara?*

Maumivu na uvimbe mdogo mkononi ni kawaida. Wengine hupata homa kidogo au kuumwa kichwa kwa siku moja au mbili. Baadhi ya vijana huzimia kwa hofu ya sindano, na ndiyo sababu muuguzi humwomba mtoto aketi kwa dakika 15 baada ya kuchanjwa. Aliyewahi kupata mzio mkali kutokana na chanjo aeleze mapema. Mjamzito husubiri hadi ajifungue.

*Je, kuna ushahidi kwamba inazuia saratani, si virusi tu?*

Upo. Uingereza ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2008. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kuwa visa vya saratani ya mlango wa kizazi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 87 miongoni mwa wanawake waliokuwa wamelengwa na chanjo wakiwa na miaka 12 hadi 13. Huko Scotland, ripoti ya mwaka 2024 haikupata hata kisa kimoja cha saratani hiyo kwa wanawake waliochanjwa kikamilifu katika umri huo.

*Mbona tuamini chanjo mpya?*

Imetumika duniani tangu 2006. Wazazi wa Bungoma wana mfano mwingine wa karibu: mwaka 2019, mwaka ule ule wa HPV, kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa nane za magharibi mwa nchi zilizoanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo. Nayo ilikutana na uvumi mwanzoni. Leo inatolewa katika nchi nyingi za Afrika.

Mzazi afanye nini

*Mwenye binti wa miaka 10 hadi 14:* ampeleke katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya serikali iliyo karibu, na akumbuke kadi ya kliniki. Chanjo ni bure. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ni wakati mzuri, hasa kwa wanaosoma shule za bweni. Anayeishi mbali amuulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake ni lini wahudumu watafika shuleni au sokoni.

*Mwenye binti aliyepata dozi moja zamani:* apeleke kadi ili muuguzi aiangalie na kuthibitisha kama kinga imekamilika. Kadi ikipotea, aende vivyo hivyo. Kituo kina daftari.

*Mwenye binti asiyeenda shule:* huyu ndiye anayesahaulika zaidi, kwa sababu wahudumu huwafikia wengi kupitia darasani. Msichana anayefanya kazi za nyumbani mjini Kitale, au anayekaa na nyanya yake kijijini, ana haki ile ile. Mwajiri au mlezi ampeleke.

*Mwenye mvulana:* chanjo ya bure haijamfikia, lakini mzazi mwenye uwezo anaweza kuulizia katika hospitali ya kibinafsi, kuanzia mtoto akiwa na miaka 9. Aulize bei kabla, aulize idadi ya dozi kwa umri wa mtoto, na ahakikishe chanjo imehifadhiwa kwenye friji, kwa kuwa inapaswa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Asinunue chanjo inayouzwa mtaani au kubebwa mfukoni. Asiye na uwezo asijilaumu: kinga kubwa anayoweza kumpa mwanawe sasa ni kuhakikisha mabinti wa boma lake na wa majirani wamechanjwa.

*Mwanamke wa miaka 25 hadi 49:* chanjo ya binti yake haimkingi yeye. Uchunguzi wa mlango wa kizazi unapatikana katika vituo vingi vya afya vya umma. Huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Anayeishi na HIV anahitaji kuchunguzwa mara nyingi zaidi. Hata wasichana wanaochanjwa leo watahitaji uchunguzi huu wakifika umri huo, kwa sababu chanjo haizuii kila aina ya HPV.

*Mwanamume:* akiona chunjua au kidonda kisichopona sehemu za siri, uvimbe shingoni usioisha, au damu inayotoka njia ya haja kubwa, aende kituo cha afya bila kungoja. Na mkewe akitaka kwenda kuchunguzwa, amsindikize, au angalau amwachie nauli ya boda boda.

Kutoka mlango mmoja

Mwaka 2020 nchi za dunia zilikubaliana kuifanya saratani ya mlango wa kizazi kuwa ugonjwa wa kihistoria. Lengo la kwanza ni kwamba kufikia mwaka 2030, wasichana 90 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Hesabu hiyo itafanyika kijiji kwa kijiji: Endebess, Saboti, Kachibora, Kimilili, Chwele, Cheptais. Virusi havitambui mpaka wa kaunti. Kijana wa Kitale huoa Bungoma, na wa Bungoma hufanya kazi Kitale.

Wale mapacha wa miaka 11 walio mlangoni mwa zahanati watakua pamoja. Kwa leo mmoja ndiye atakayenyoosha mkono kuchomwa sindano, na hiyo si sababu ya kuwarudisha wote wawili nyumbani. Msichana akichanjwa, kaka yake naye ameanza kulindwa. Msichana akizuiliwa kwa sababu kaka yake hakupewa, wote wawili wamekosa.